Mahadhi ya Wapokomo, ngoma iliyobaki London na deni la taifa

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya somo la kwanza, watoto wa shule za Kenya husimama wima mbele ya bendera na kuimba. Wa Lodwar huimba, wa Kwale huimba, wa Nyeri na wa Homa Bay vilevile. Wengi huujua wimbo wa taifa kabla hawajazijua maana za maneno yake. Lakini ebu mwulize aliyemaliza chuo kikuu mahadhi ya wimbo huo yalitoka wapi, uone atakavyokuna kichwa.

Nimelifanya swali hilo kuwa desturi yangu katika mhadhara wa kwanza wa mwaka. Majibu huwa ni yaleyale. Yupo asemaye yalitoka Uingereza, yupo asemaye ni ya kanisani, na hakosi wa kusema yalitungwa na bendi ya polisi. Mwaka mmoja msichana aliyeketi safu ya nyuma kabisa aliinua mkono akasema: "Prof, huo ni wimbo wa kwetu. Nyanya huimba akilaza mtoto." Darasa zima likaangua kicheko. Msichana alikuwa ametoka Tana River, na alikuwa amesema kweli tupu.

Mahadhi ya wimbo wa taifa la Kenya yametokana na wimbo wa bembelezi wa Wapokomo. Nataka tukae na jambo hili kidogo leo, kwa sababu tumezoea kuimba sifa za utamaduni wetu bila kuuliza utamaduni huo ni wa nani hasa, na aliyeutoa alipata nini.

Turudi mwaka 1963. Madaraka yalikuwa yamepatikana Juni 1 na uhuru kamili ulikuwa unasubiriwa Desemba 12. Wimbo wa kumwombea Malkia ulikuwa unafungashiwa virago pamoja na bendera yake, na taifa jipya halingeweza kusimama kimya usiku wa manane bendera mpya ikipanda. Ikaundwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Kasisi Thomas Kalume. Majina haya yanastahili kutazamwa vizuri. Hyslop alikuwa Mwingereza, afisa wa muziki na drama katika serikali ya kikoloni. Sisi wa fasihi ya Kiswahili tunamjua kwa njia nyingine: ndiye mwandishi wa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, tamthilia fupi zilizochapishwa 1957, mwaka uleule ilipotoka Nakupenda Lakini ya Henry Kuria. Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda, na baadaye, mnamo 1986, alitoa kitabu kuhusu muziki wa kiasili wa Kenya ambacho hadi leo mtafiti wa muziki hawezi kukiruka. Omondi aligeuka kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki nchini. Utafiti wake wa shahada ya uzamifu ulihusu zeze la Wajaluo, na miaka ya 1980 aliongoza tume ya rais iliyochunguza hali ya muziki Kenya. Kalume, mtu wa pwani, baadaye aliingia Bunge.

Mpokomo anaingia katika kisa hiki kwa mlango mwingine. Anayetajwa kuwa aliwapa wanakamati mahadhi hayo ni Mzee Meza Moroa Galana. Kamati ikayachukua, ikayapanga kwa sauti nne na kuyaandika kwa noti ili yaweze kupigwa na bendi ya matarumbeta, kisha ikayavisha maneno ya Kiswahili.

Hapo pa maneno, mniruhusu nichepuke kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Vitazameni vitenzi vya wimbo wetu. Karibu vyote viko katika ile hali ya kutakia, ambayo wanasarufi huiita dhamira tegemezi, yenye kiishio -e. Wimbo haujigambi kwamba tumeshinda, hauhesabu damu iliyomwagika, wala hautaji adui. Unaomba na kuhimiza tu. Zaidi ya hayo, una umbo kama "natukae" na "natujenge". Hiyo "na" ya mwanzoni si ile ya kuunganisha. Ni kiambishi cha kale cha kuhimiza ambacho katika mazungumzo ya mjini kimeanza kupotea. Siku hizi utakisikia zaidi katika dua, katika mahubiri na katika ushairi. Kila juma mamilioni ya watoto hukitamka bila kujua kwamba wanahifadhi umbo ambalo vinywa vya watu wazima vimeliacha.

Na hali hiyo ya kutakia imeafikiana ajabu na asili ya mahadhi. Mama anayembembeleza mtoto hamwamrishi. Mtoto wa miezi sita haamrishiki! Mama humtakia usingizi, humtakia amani, humwombea mabaya yapite mbali. Ukiuimba wimbo wa taifa polepole jioni, bila tarumbeta wala ngoma za gwaride, utakisikia kitanda cha mtoto ndani yake. Sijui kama wanakamati walilikusudia hilo. Kwa sikio langu, maneno na mahadhi yamekubaliana kuliko inavyotokea kwa kawaida pale sauti ya zamani inapovishwa maneno mapya.

Tulinganishe na wenzetu tupate kuuona uzito wa jambo lenyewe. Nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru ziliingia katika taifa jipya kwa sauti za kuazima. Nigeria ya 1960 iliimba maneno yaliyoandikwa na Mwingereza Lillian Jean Williams kwa muziki wa Mwingereza mwenzake, Frances Benda. Wakauacha wimbo huo 1978, na mwaka 2024 wakaurudisha, jambo lililozua mjadala mkali huko. Senegal ilikuwa na maneno ya Léopold Sédar Senghor, rais mshairi, lakini muziki ulitungwa na Mfaransa Herbert Pepper. Uganda walau walikuwa na mwananchi wao, George Kakoma, ingawa maneno yalikuwa ya Kiingereza. Tanzania na Zambia zilichukua mahadhi ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini aliyeutunga wimbo wake 1897. Huyo ni Mwafrika na wimbo wake umewaliza na kuwainua watu wa nchi nyingi, lakini umefinyangwa katika kalibu ya tenzi za kanisa la Wamethodisti. Kenya ikaenda ukingoni mwa Mto Tana ikachukua sauti ya nyumbani, ikaivisha lugha ya Kiafrika. Kwa hilo tuna haki ya kuvimba kichwa.

Lakini tukishavimba, tuulize: sauti hiyo ni ya nani?

Katika vitabu vya fasihi simulizi tunavyowafundishia wanafunzi, bembelezi hupewa ukurasa mmoja au miwili. Tunaorodhesha majina yake, bembezi, bembea, pembejezi, kisha tunataja sifa: huimbwa kwa sauti ya chini, hurudiarudia maneno, huwa na ahadi au vitisho vidogovidogo, mama karudi shambani, mama hajarudi, fisi anakuja. Halafu tunakimbilia nyimbo za vita na majigambo ya mashujaa, ambako kuna kishindo. Tusilolisema waziwazi ni kwamba bembelezi ni utanzu wa wanawake. Wanaozitunga ni akina mama, nyanya, shangazi na mayaya, nao huzipokezana bila kuandika jina. Mzee Galana aliyepeleka mahadhi kwenye kamati aliyapokea kutoka mahali fulani. Nyuma yake kuna mlolongo wa wanawake wa Kipokomo ambao hawatajulikana kamwe, waliowalaza watoto vibandani wakati mafuriko yamepanda na mbu wanalia. Orodha ya waundaji wa wimbo wa taifa ina wanaume watupu, na kwa haki yote wanastahili heshima yao. Ila mahadhi yalikuwa yameshakomaa kabla hawajakutana.

Sasa Wapokomo ni nani? Wakenya wengi humsikia Mpokomo redioni mambo yakiharibika: Tana imevunja kingo, watu wamehamia kambi, au kama mwaka 2012, mapigano ya delta yaliyoua watu zaidi ya mia moja na kutia majonzi Wapokomo na Waorma sawia. Sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi kidogo ya 112,000. Ni wakulima wa kandokando ya mto, wenye mpunga, ndizi na miembe, na tangu zamani kilimo chao kilitegemea mafuriko ya msimu: maji yanapanda, yanaacha rutuba, yanashuka, mbegu inapandwa. Tangu Bwawa la Masinga likamilike 1981, na mengine ya Seven Forks kabla na baada yake, mafuriko hayo hayaji tena kwa mpango wa zamani. Umeme umewaka Nairobi. Huko chini mkulima hubaki akiukisia mto aliokuwa akiusoma kama saa.

Kwa mtu wa lugha, Mpokomo ni ndugu wa karibu. Wanaisimu huiweka Kipokomo katika kundi la lugha za Sabaki pamoja na Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kiilwana na Kikomoro. Yaani Kipokomo si binamu wa mbali wa Kiswahili; ni mtoto wa mama mmoja aliyebaki mtoni wakati mwenzake alishuka pwani akafanya biashara na dunia. Undugu huu unaonekana katika sauti zinavyobadilika kwa kanuni ndani ya kundi zima: ukimsikia Mgiriama akiita maji "madzi" na kuhesabu "hahu" pale wewe unaposema "tatu", hujasikia makosa, umesikia historia. Kipokomo nacho kina kanuni zake za namna hiyo, na wa chini ya mto hawasemi sawa na wa juu.

Wala si lugha iliyogunduliwa juzi. Mnamo 1850 Johannes Ludwig Krapf alichapisha huko Tübingen msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Kipokomo kilikuwa mojawapo, bega kwa bega na Kiswahili na Kikamba. Katika miaka ya 1890 mmishonari Mjerumani Ferdinand Würtz, wa misheni ya Neukirchen iliyokuwa Ngao, aliandika orodha ya maneno na sarufi yake. Basi, Kipokomo kiliandikwa sarufi wakati ambapo Nairobi ilikuwa bado kinamasi cha kunyweshea ng'ombe.

Na yupo Fumo Liyongo. Sisi tulio katika Kiswahili tumemfanya wetu kabisa. Tunafundisha jinsi alivyotoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na jinsi mwanawe alivyomchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Tunamtaja Muhammad Kijumwa aliyeuandika utenzi wake mwaka 1913. Lakini nchi ya Liyongo ni hiyohiyo ya delta ya Tana, upande wa Ozi na Kipini, na Wapokomo wana simulizi zao kumhusu ambazo hazimpambi kama zetu. Shujaa wa mjini huenda akawa mnyanyasaji akitazamwa kutoka shambani. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wa uzamili kwamba anayetaka kumwelewa Liyongo asiishie Lamu. Apande mashua aingie mtoni.

Nimesema tuna haki ya kujivunia, lakini lugha yetu wenyewe inatuumbua. Chukua neno "kienyeji". Linatokana na "mwenyeji", yaani mtu aliye kwao, mwenye kukaribisha wageni. Kwa asili lingekuwa neno la heshima. Mjini tuliligeuza likawa la dharau: nguo za kienyeji, dawa za kienyeji, Kiingereza cha kienyeji, mtu mwenyewe kienyeji. Kisha siku moja kuku wa kienyeji na mboga za kienyeji zikapanda bei, na neno likasafishwa sokoni bila mtu kuomba radhi. Linganisha na "ustaarabu", neno tunalolitumia kusifu tabia njema, ingawa asili yake ni kufanana na Waarabu. Au "utamaduni" wenyewe, ambao umetoka Kiarabu na una nasaba na neno la mji, madina. Sisemi tuyatupe maneno haya. Yameshakuwa yetu, kama wimbo wa bembelezi ulivyokuwa wa Kenya nzima. Nasema tu kwamba mjini tulijifunza kuuona utamaduni kama kitu kilicho kwingine, na cha kwetu tukakiita cha kienyeji.

Hata serikali imepapasa. Sikukuu ya Oktoba 10 ilikuwa ya Moi, ikaitwa ya Utamaduni kwa miaka michache, na tangu 2024 ni ya Mazingira. Mazingira yanahitaji siku yake, sina ugomvi. Lakini angalia jinsi utamaduni ulivyoondoka kwenye kalenda na hakuna aliyeandamana.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa. Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa ya mti iitwayo Ngadji. Haikuwa ngoma ya arusini, wala ya kupigwa na yeyote aliyejisikia. Ilikuwa chini ya wazee, na sauti yake ndiyo iliyowakusanya watu na kuupa uongozi wao uzito. Mnamo 1902 maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua. Ikasafirishwa, na leo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wapokomo waliosafiri hadi huko wamepata kuiona, lakini ghalani. Haimo katika kumbi ambako watalii hupita. Yaani kitu kilichonyamazishwa Tana hakikupewa hata nafasi ya kutazamwa kule kilikopelekwa. Wazao wa waliokuwa wakiitunza wanadai irudi.

Unaweza kuuliza, kwani Mwingereza anashindwa nini kuirudisha? Jibu lipo katika sheria, na mwaka wa sheria hiyo utakushangaza. Sheria inayolizuia jumba hilo kutoa vitu vyake, isipokuwa kwa sababu chache mno, ilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1963. Naam, 1963! Mwaka uleule ambapo kamati ya Hyslop ilikuwa inakusanya sauti za Kenya huru, London ilikuwa inafunga kufuli la ghala. Wapokomo walilipa taifa lao jipya wimbo wa kulalia watoto, na mlango wa ngoma yao ukakazwa parafujo. Hakuna aliyepanga miaka hiyo ilingane, lakini mwanahistoria akiona mambo mawili yamesimama mlango mmoja hawezi kupita bila kubisha.

Wapo watakaosema ngoma ishazeeka, iacheni ihifadhiwe panapofaa. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa wasomi wenzangu, tena ikitolewa kwa sauti ya busara. Haisimami. Mwaka 2006 fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Meinertzhagen mwaka 1905, zilirudi Kenya baada ya kukaa Uingereza karne nzima. Mwaka 2007 vigango viwili vya Mijikenda vilivyoibwa makaburini na kuuzwa Marekani vilirejeshwa kwa familia huko Chalani, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver likarudisha 30. Ujerumani iliirudishia Nigeria shaba za Benin mwaka 2022. Kwa hiyo vitu hurudi pale wenye navyo wanapotaka. Wenyewe wa London walipobanwa mwaka 2024 waliwapa Waasante wa Ghana baadhi ya dhahabu zao kwa mkopo wa miaka mitatu. Kwa mkopo! Ng'ombe wako achukuliwe, kisha uazimwe maziwa yake na tarehe ya kurudisha kibuyu iandikwe.

Lakini kumnyooshea London kidole ni rahisi, nami nisingeandika makala nzima kwa ajili hiyo. Vipi sisi?

Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Watu hunukuu hapo wakatosheka. Waendelee kusoma. Ibara hiyohiyo inalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao na urithi wao. Mwaka 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni. Mwanzoni mwa 2018 kampuni moja ya muziki ya Uingereza ikajitokeza mtandaoni, katika YouTube, ikidai hakimiliki ya wimbo wetu wa taifa. Wakenya wakawaka, na walikuwa na haki ya kuwaka. Kila mtu alikuwa akiandika "wimbo wetu", "urithi wetu". Katika makelele yale yote nilitafuta mtu ataje Wapokomo. Niliwaona wachache sana.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, huniambia: Profesa, ukishautoa wimbo kwa taifa ni wa taifa. Hudai kodi kwa Wakenya wanaoimba. Tukianza kuuliza kila jamii inadai nini, Mturkana atadai mafuta, Mpokomo wimbo, Mkikuyu mlima, na tutakuwa hatuna nchi. Hoja yake ina nguvu, na kwa sehemu nakubaliana naye. Siamini kwamba mtoto wa Kitale anapaswa kumlipa mtu akiimba gwarideni. Wala siamini kwamba wimbo wa taifa ungali wa Wapokomo peke yao. Umeimbwa kwenye makaburi ya watu wetu, umeimbwa Olimpiki Kipchoge Keino na waliomfuata wakiwa na medali kifuani, na kila uliposikika uliongezewa wenyewe wapya.

Ninapoachana na rafiki yangu ni pale anapodhani deni ni pesa tu. Mtu akikupa jina utamlipa nini? Lakini ukijitwalia jina hilo ukasahau nani alikupa, ukamcheka mtoto wake darasani akisema ni la kwao, hapo umekosa adabu, na hakuna wakili wa kukutetea. Ndiyo maana kicheko cha lile darasa kilinitia huzuni kuliko ujinga wenyewe. Wale walikuwa vijana wema. Hawakuwa na habari kwamba kitu kinachoheshimika kingeweza kutoka mahali wanapopasikia kwenye taarifa za mafuriko.

Kuna la kufanya, tena si la mabilioni. Mtaala wa sasa unaruhusu lugha za kiasili zitumike na zifundishwe katika madarasa ya chini ya msingi. Kwenye karatasi ni jambo jema sana. Kwa lugha kubwa vitabu hupatikana. Kwa lugha ya watu 112,000, iliyogawanyika lahaja za juu na za chini ya mto, mwalimu hujikuta mikono mitupu, na mtoto husomeshwa Kiswahili kwa jina la lugha ya mama kwa kuwa "zinakaribiana". Mimi ni mtu wa Kiswahili, nimekula na kusomesha watoto kwa Kiswahili, lakini sipendi kukiona kikitumiwa kumfunika ndugu yake. Nyimbo za bembelezi za Kipokomo zinaweza kurekodiwa mwaka huu, na akina nyanya wangali hai, kwa vifaa ambavyo kila mwanafunzi anavyo mfukoni. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili, za isimu na za muziki. Tuwatume wanafunzi Ngao, Garsen na Hola wakatafute nyimbo hizo badala ya kuwaachia kila mwaka tasnifu nyingine kuhusu riwaya zilezile tano.

Jedwali la Pili la Katiba limechapisha maneno ya wimbo wa taifa, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Asili ya mahadhi haimo humo, na Katiba haibadilishwi kwa jambo kama hili. Lakini kitabu cha shule hubadilishwa kila mara kikichapishwa upya. Chini ya maneno ya wimbo pangewekwa mstari mmoja: mahadhi ni ya wimbo wa bembelezi wa akina mama wa Kipokomo, Mto Tana, yakaletwa na Meza Moroa Galana. Hilo lingegharimu wino tu. La Ngadji litataka zaidi, serikali isiyochoka kuandika barua, na Wapokomo wenyewe wawepo mezani zinapoandikwa.